Bodi ya Mafundi wa Harju

Kurt, mtoto wa Waino Hietala, alifariki Januari, akazikwa Mei. Huko Harju, kaskazini kabisa mwa Michigan, Marekani, ndivyo ilivyo. Ardhi ikishaganda haichimbiki, na maiti hungoja katika nyumba ya mawe pale makaburini mpaka theluji iyeyuke. Kwa hiyo Kurt aliombewa kanisani, watu wakalia, wakala, wakaenda zao. Miezi ikapita, na siku moja yenye matope na mbu wa kwanza wa mwaka, baba na mama yake wakaitwa waje walie upya. Marlene, mama yake, alisema baadaye kwamba ibada ile ya kwanza aliipita kama mtu aliyechomwa ganzi. Ya pili ndiyo iliyomvunja.

Kurt alianguka kutoka kwenye mnara wa visima vya mafuta huko Dakota Kaskazini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa pua.

Waino alikuwa fundi wa kujenga nyumba. Ukisimama kwenye kilima cha kanisa ukatazama chini kuelekea ziwani, mapaa mengi unayoyaona yalipita mikononi mwake, na hakuna hata moja linalovuja. Lakini wasaidizi hawakudumu kwake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa makelele. Ukikosea kipimo alikuvurumishia maneno mpaka majirani wafunge madirisha, na dakika tano baadaye anakupa nusu ya chakula chake kana kwamba hakuna kilichotokea. Yeye alikuwa amesahau. Aliyefokewa hakusahau.

Baada ya mazishi ya Mei, Waino alitafuta wa kumlaumu, akampata. Kurt alipokuwa darasa la kumi, halmashauri ya shule ilifunga karakana ya useremala pale sekondari. Paa la shule lilivuja, fedha hazikutosha, kitu kimoja kikabidi kife. Misumeno ikapigwa mnada, na chumba kikajazwa mashine za mazoezi. Kurt, ambaye vitabu vilimchosha lakini karakana aliikimbilia, aliacha shule mwaka uliofuata. Akafanya kazi na baba yake kiangazi kimoja. Mchana mmoja, akiwa juu ya paa, aliweka nyundo chini taratibu, akashuka ngazi bila kusema neno, akaenda zake kwa miguu. Baada ya kutangatanga, Dakota.

"Walimuua wao," Waino alikuwa akisema. Na katika hao wao, aliyemchukia hasa ni mmoja, Roland Perrault, mjenzi mwenzake na mshindani wake wa miaka yote, tajiri kuliko yeye, aliyekuwa mjumbe wa halmashauri na aliyenyoosha mkono karakana ifungwe. Tangu siku ya mazishi wakikutana dukani, mmoja aligeuza kigari chake akarudi alikotoka.

Ikapita miaka. Ndipo Septemba moja, Waino akiwa juu ya ghala la mtu anapigilia mabati, akasikia sauti ya kike chini.

"Bwana Hietala! Naweza kukusumbua kidogo?"

"Umeshanisumbua."

"Mimi ni Colleen Bessonen, nafundisha pale sekondari."

"Nakujua. Baba yako ana mbwa mbaya."

"Mbwa alikufa."

"Afadhali."

Mwalimu Colleen hakuondoka. Alikuwa msichana wa pale pale, mabuti yake yana matope, na alishika ngazi kana kwamba anamzuia mzee asikimbie. Akaeleza kwa kupaza sauti. Jimbo lilikuwa tayari kutoa fedha darasa la useremala lifunguliwe tena, lakini kwa sharti kwamba kwanza kuwe na bodi ya ushauri, watu wa kazi hiyo hiyo, wenye kuajiri, watakaosema watoto wafundishwe nini, waje kukagua, na wawachukue kwa mazoezi.

"Sitaki watu wa kuja kupiga picha," alisema. "Nataka watu watakaoniambia nikikosea."

"Misumeno ilipokuwa inauzwa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chuoni, mzee wangu. Nilikuwa mtoto."

"Basi rudi huko huko."

Mwalimu akasema, "Jumanne, saa kumi na mbili jioni, maktaba ya shule," akaachia ngazi, akaenda.

Nyumbani, Marlene alikuwa ameshapata habari.

"Colleen kanipigia simu."

"Huyo ana mbio."

"Waino. Kula."

Akala. Marlene akamtazama mpaka kijiko kikamchosha mkononi.

"Unawaadhibu watoto ambao hata sura ya Kurt hawaijui," alisema.

"Siingii lile jengo."

"Mimi huingia kila uchaguzi kupiga kura. Halijawahi kuning'ata."

Jumanne akaenda. Alijiambia anakwenda kuwatukana usoni, kisha arudi zake kuangalia mpira. Maktabani alimkuta Mwalimu Colleen na watu wawili tu. Mmoja alikuwa Stan Kovacich, muuza mbao, mtu mnene mwenye kupenda amani. Mwingine alikuwa Dorrie Oja, fundi umeme, mama wa makamo ambaye ulimi wake ulikuwa na umeme kuliko nyaya zake. Kulikuwa na kahawa na mkate mtamu wa iliki, na viti vingi vilivyobaki vitupu.

Waino alikaa karibu na mlango, koti mwilini. Alikuwa ameyapanga matusi yake vizuri. Lakini Stan akawa anazungumza, akisema watoto wangeweza kuanza na vitu vidogo, stuli, nyumba za ndege.

"Nyumba za ndege?" Waino akasema.

"Kwa kuanzia."

"Stan, hao ni watoto wa miaka kumi na saba. Wanaendesha magari, wanaua kulungu, wengine wana ndevu kukuzidi. Unataka wakae mwaka mzima wanawajengea kunguru?"

"Haya, wewe ungewapa nini?" Dorrie akamchokoza. "Kanisa?"

"Nyumba. Nyumba ya watu, yenye msingi, choo na ngazi. Kila mwaka moja. Inauzwa, fedha inanunua mbao za mwaka unaofuata. Vinginevyo wanacheza tu."

Alipomaliza alikuta koti ameshalivua, hakumbuki saa ngapi.

"Sawa," Dorrie akasema. "Kwenye kiwanja cha nani?"

Wote walijua nani mwenye viwanja Harju. Tena watu wa jimbo walitaka waajiri wa kweli. Stan aliuza mbao na mwanawe, Dorrie alifanya kazi na mbwa wake, na Waino hakuwa ameajiri mtu kwa muda mrefu. Roland Perrault peke yake ndiye aliyekuwa na kundi la mafundi.

"Nilimwendea," Mwalimu Colleen alisema, macho mezani. "Amekataa. Amesema akikaa yeye kwenye bodi, kuna mtu hatakanyaga hapa, na huyo mtu ndiye bora. Hakumtaja jina."

Hakuna aliyemtazama Waino. Stan alijishughulisha na mkate.

Waino alichukua muda kumwendea Roland. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka aliposimamisha pikapu mbele ya karakana ya Roland, akakaa ndani na injini inaunguruma, mpaka akaona aibu kwa kuwa mafundi walikuwa wanachungulia. Akaingia. Roland alikuwa peke yake upande wa nyuma, akipiga randa mlango. Alikuwa amezeeka ghafla, anaegemea mguu mmoja.

"Waino."

"Roland."

"Kama umekuja kunipiga, ngoja nikae kwanza. Nyonga yangu hainibebi nikiwa nimesimama."

"Nimekuja kukuita mkutanoni."

Roland aliweka randa chini. Akafuta maranda kwenye mikono, kidole kwa kidole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kuna jambo," alisema. "Nimelibeba siku nyingi. Lisikie kwanza. Ukishalisikia, kama bado utataka nije, nitakuja."

"Sema."

"Kurt alikuja hapa. Yale majira ya majani kupukutika, baada ya kukuacha kule kwenye paa. Alisimama hapo hapo uliposimama. Akaniambia, 'Bwana Perrault, nipe kazi yoyote. Hata kufagia.'"

Waino alihisi uso wake unakufa ganzi, kama mtu aliyetoka nje kwenye baridi bila kofia.

"Nikamuuliza, baba yako anajua? Akasema hapana. Nikamwambia, kijana, mimi na baba yako tunagombania kila nyumba inayojengwa wilaya hii. Nikikuchukua atasema nimemwibia mtoto. Nenda nyumbani mkapatane." Roland aliokota randa, akairudisha chini. "Nilidhani nakuheshimu wewe, Waino. Naapa nilidhani hivyo."

"Akasema nini?"

"Acha hilo."

"Roland. Akasema nini?"

"Akasema, 'Simwogopi baba. Nimechoka tu kujifunza kwa kufokewa.' Akasema karakana ya shule ingekuwepo asingeacha masomo, kwa sababu pale alikuwa anakosea na hakuna anayepiga kelele. Akanishukuru. Tena akafunga mlango vizuri, mlango ule mbovu, unajua lazima uunyanyue kidogo. Akaunyanyua."

Kwa miaka yote hiyo Waino alikuwa na maneno aliyomwekea Roland. Aliyasema peke yake garini, aliyasema msituni, aliyasema kwenye chumba cha kuogea kwa mvuke mpaka Marlene akagonga ukuta. Sasa alimtazama yule mzee mwenye nyonga mbovu, na hakuna neno hata moja lililofaa. Akapitisha kidole gumba kwenye ubavu wa ule mlango uliopigwa randa. Ulikuwa laini.

"Jumanne," alisema. "Saa kumi na mbili."

Alisema chini sana hata Roland akamwomba arudie.

Kwenye pikapu alikaa mpaka vioo vikafunikwa na pumzi yake, asione nje. Na alipofika nyumbani, Marlene akiuliza imekuwaje, alijibu, "Atakuja," akaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. Hakumweleza. Kila alipotaka kumweleza, yale maneno ya Kurt yalisimama mbele yake, naye hakuwa na njia ya kuyapita.

Bodi ikaundwa. Kwenye mkutano wa kwanza wenye watu wa kutosha, Roland alikaa mwisho huu wa meza na Waino mwisho ule, na Stan katikati akatoa jasho kama anayelinda mpaka. Wakabishana juu ya kila kitu. Roland alitaka watoto wajifunze kwanza kusoma ramani. Dorrie alitaka wasiguse waya mpaka wajue namna ya kuzima umeme. "Nina nywele moja tu nzuri iliyobaki," alisema, "sitaki iungue." Waino alikuwa na sharti lake, nalo alilitoa mwishoni, watu wakiwa wanavaa makoti.

"Mwanafunzi akitaka kuacha shule, mmoja wetu aende kwao kabla jina lake halijafutwa."

"Sisi si polisi, Waino," Stan alisema.

"Siyo upolisi. Unakwenda, unakaa, unakunywa kahawa yao. Unamuuliza mtoto anataka nini. Basi."

Walipopiga kura, mkono wa Roland ulikuwa juu wa kwanza. Hakumtazama Waino, na Waino hakumtazama yeye.

Nyumba ilianza mwaka uliofuata kwenye kiwanja cha Roland, barabara ya ziwani. Si kila kitu kilikwenda sawa. Kulikuwa na kijana mmoja hodari wa zege aliyeacha Februari. Waino na Stan walikwenda, wakanywa kahawa kwenye jiko lililojaa maboksi, na mama wa kijana akawaambia kwa upole kwamba kazi yake imehamia jimbo jirani la Wisconsin na yeye hawezi kumwacha mtoto nyuma. Wakarudi. Njiani Stan akasema, "Angalau tumekwenda," na Waino akakaza macho kwenye barabara.

Halafu ikaja siku ya kenchi za paa. Tessa Niemi, binti mfupi mwenye kofia ya baba yake, alikuwa amekata boriti nyingi, zote fupi kwa inchi moja. Mbao nzuri, za Stan, zimelala kwenye theluji, hazifai. Waino alifika wakati huo huo. Aliona, na sauti ikaanza kumpanda kifuani kama zamani. Watoto wakasimama tuli. Mwalimu Colleen naye akasimama tuli. Tessa akainamisha kichwa, mabega yakampanda juu, kama mtu anayesubiri mvua ya mawe. Waino aliyajua mabega yale. Aliwahi kuyaona juu ya paa.

Akafunga mdomo. Akageuka, akaenda nyuma ya rundo la mbao, akakaa huko kwa muda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake ilitoka imekwaruza.

"Nionyeshe ulivyopima."

Tessa akamwonyesha. Ncha ya futi kamba ilikuwa imevunjika, kwa hiyo alianzia kwenye inchi ya kwanza, halafu akasahau kuiongeza mwisho.

"Hata mimi nimeshafanya hivyo," Waino alisema. "Kwenye nyumba ya mchungaji. Tutazikata ziwe za kibaraza. Pima tena, mimi nashika upande huu."

"Leo Waino amemeza asali," Dorrie alisema kutoka ndani, na watoto wakacheka, kazi ikaendelea. Waino naye alitabasamu kidogo. Lakini jioni ile hakula. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno. Lilikuwa ni kufunga mdomo na kuzunguka rundo la mbao. Angeweza kulifanya wakati wowote. Angeweza kulifanya siku ile, juu ya lile paa, na hilo ndilo lililomuuma.

Juni nyumba ikaisha. Wakafanya siku ya wazi, mji mzima ukaja, viatu vikavuliwa mlangoni, watu wakapita na soksi kwenye sakafu mpya wakigonga kuta, wakifungua na kufunga makabati. Wazazi walijipiga picha na milango. Roland peke yake hakuwepo, nyonga yake ilikuwa imefanyiwa upasuaji wiki hiyo.

Marlene alipita kila chumba, taratibu, mkono ukigusa fremu. Alifika kwenye chumba kidogo cha nyuma, chenye dirisha linalotazama miti ya mibetula, ile yenye magome meupe, akasimama hapo bila kutoka. Waino akamfuata, akafunga mlango. Akamweleza. Alimweleza yote, hata lile la kufokewa, akiwa anatazama sakafu.

Marlene hakulia kwanza. Alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyosahauliwa pembeni.

"Kwa hiyo alitaka kubaki," alisema.

"Ndiyo."

"Alitafuta njia ya kubaki, Waino. Mimi siku zote nilidhani alitukimbia."

"Alinikimbia mimi."

"Nyamaza kidogo." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Alikuwa amevaa nini?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza. Alikuwa amekonda? Alikuwa amekula?"

"Marlene, sikuuliza kitu."

"Umelijua hili muda wote huo, na hukuuliza hata kama alikuwa amekula." Akasimama. Hasira yake haikuwa na kelele, haikuwahi kuwa nazo. "Nipeleke kwa Roland."

"Sasa hivi? Mtu katoka hospitali."

"Sasa hivi."

Wakapita katikati ya watu, wakipongezwa kulia na kushoto, Waino akipeana mikono asijue na nani. Nje kwa Roland, Waino alizima injini ili wateremke pamoja, lakini Marlene akaweka mkono kwenye goti lake.

"Wewe kaa."

Mke wa Roland alifungua mlango, akamtazama Marlene, akampisha bila kuuliza. Juni ya huko jua halina haraka ya kuzama, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi kiasi cha Waino kuona. Alimwona Roland kwenye kiti, mguu juu ya stuli. Alimwona Marlene akivuta kiti, akakaa karibu kabisa naye, magoti yakikaribia kugusana. Marlene aliuliza kitu. Roland akafikiri. Akanyanyua mkono, akaonyesha kichwani, kisha akaushusha kifuani, akakunja vidole kana kwamba anafunga zipu ya koti. Marlene akatikisa kichwa kukubali. Akauliza tena.

Waino akateremsha kioo, lakini sauti hazikufika. Alikaa na mikono yake juu ya usukani, akiwatazama, na mkewe hakuwa na dalili ya kutaka kutoka.